UZI: Glo plagi za CUCV na gari zingine za jeshi za zamani, kwa nini zinaungua zote na jinsi ya kuzitunza

FundiDizeli_MN (Minneapolis)

Wakuu habari za wakati huu. Huu uzi ni wa wenye gari za zamani za jeshi za dizeli, hasa zile Chevrolet za CUCV ambazo ndugu zetu huku Marekani wanazichukua kwenye minada kwa sababu bei yake inashikika na chuma chake ni chuma kweli. Nazungumzia M1008 ile pikapu, M1009 ile Blazer, M1010 ambulensi, M1028 na ndugu zake, zote za kuanzia 1984 mpaka 1987. Kila baridi ikianza naulizwa swali lile lile, gari haiwaki, nimebadilisha glo plagi zote nane na hazijamaliza hata msimu zimekufa tena, nifanyeje. Inaniuma kuona mtu anamwaga hela kwenye plagi wakati ugonjwa haupo kwenye plagi.

Injini yenyewe kwanza. Mle ndani kuna V8 ya lita 6.2 ya Detroit Diesel, na dizeli haipigwi moja kwa moja juu ya pistoni, inapigwa kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi, inashika moto humo alafu moto ndio unashuka kwenye silinda. Kichumba kile kina kuta nyingi za chuma na chuma ikiwa ya baridi inanyonya joto la kompresheni kabla dizeli haijawaka, kwahiyo kila silinda ina glo plagi yake, hita plagi kwa mafundi wengi wa nyumbani, ncha yake imechomoza ndani ya kichumba inakuwa nyekundu ili dizeli ikikutana nayo iwake. Bila hiyo huku kwetu kwenye nyuzi joto hasi 20 utapiga stata mpaka betri zife.

Sasa njoo kwenye umeme, hapa ndipo penye kesi. Gari hii ina umeme wa aina mbili. Taa, redio ya kawaida, waipa na vitu vingi vya gari ni 12V vinatoka betri ya mbele, lakini betri ziko mbili zimefungwa mfululizo na stata inakula 24V. Jeshi lilitaka hivyo ili gari iweze kubustiwa na gari zingine za jeshi kwa ile soketi ya NATO iliyopo mbele, na ili redio zao zipate umeme wake. Glo plagi lakini zilibaki za 12V. Walichofanya ni kuchukua 24V, wakaipitisha kwenye rezista mbili kubwa zilizofungwa juu ya ukuta kati ya injini na kabini, rezista zinakula nusu ya umeme na nusu inayobaki inaenda kwa rilei, yaani swichi nzito ya umeme, na kwenye plagi.

Plagi zote nane zikiwa hai hesabu inakaa sawa, rezista zinakula 12 na plagi zinapata 12. Siku plagi moja ikifa, mzigo umepungua, rezista zinakula kidogo kuliko mwanzo, saba zilizobaki zinapata kama 12.8V. Bado si mbaya. Zikifa mbili, sita zinapata karibu 13.7. Zikifa nne, nne zilizobaki zinapata 16V, na joto linapanda kwa mraba wa volti kwahiyo hapo kila plagi inachemka karibu mara 1.8 ya ilivyopangiwa. Zikibaki mbili zinapigwa 19V na ushee. Hizo za mwisho haziungui tu, zinavimba ncha, na iliyovimba ncha haitoki kwenye tundu lake. Hapo ndipo mtu anajikuta anafungua silinda hedi kwa sababu ya kitu cha dola kumi na kitu.

Umeona sasa? Plagi ya kwanza inaweza kufa kwa uzee wake wa kawaida, ila zile saba zinauliwa na rezista. Mwenye gari anasikia gari inawaka kwa shida kidogo, anavumilia, anaendelea kuitumia, na kila asubuhi anaziunguza zilizobaki. Kwahiyo msimamo wangu ni huu, usinunue plagi hata moja kabla hujaziondoa zile rezista kwenye njia na kuzipa plagi 12V halisi kutoka betri ya mbele.

Namna ya kufanya nitaeleza chini, kwanza leteni maswali na hali za gari zenu.

---

Mwana_Makete

Uzi mzuri sana mkuu, asante. Mi niko nyumbani Njombe, sina CUCV ila nina Land Rover 109 ya dizeli ile 2.25 ya Series III, huku kwetu mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi inakata mifupa na gari inapiga stata haishiki. Fundi akaniambia hita plagi zangu hazifanyi kazi zote nne kwa mpigo, nikashangaa zitakufaje zote siku moja?

---

FundiDizeli_MN

Mwana_Makete hazijafa zote kaka, imekufa moja. Hizo za Land Rover 2.25 za zamani zina plagi za koili zenye ncha mbili za waya, umeme unaingia plagi ya kwanza unatoka unaenda ya pili mpaka ya nne, na kuna rezista yake kwenye ule ukuta wa nyuma ya injini. Ni mfululizo, moja ikikatika koili mstari wote umekufa. Tumia multimita kwenye kila moja, ile isiyosoma kitu kabisa ndiyo hiyo. Kama huna multimita chukua kipande cha waya mnene, mwenzako ashike ufunguo kwenye sehemu ya kupasha, wewe unaunganisha ncha mbili za plagi moja moja kwa zamu, ukiruka ile iliyokufa mkondo unapita na zingine zinaanza kupata moto. Usishikilie muda mrefu maana tatu zitakuwa zinabeba umeme wa nne.

Ila dawa ya kudumu ni kubadilisha kwenda plagi za penseli za 12V, kila moja na waya wake sambamba, na ile rezista unaitoa kabisa. Seti za kubadilishia zipo kwa wauza spea wa Land Rover. Uzuri wake moja ikifa tatu zinakupeleka shamba.

---

BabaNeema_Dayton

Mkuu umenigusa. Mie niko Dayton hapa Ohio, nina M1009 ya 1985 nilichukua mwaka juzi. Nilipeleka gereji moja wakaweka plagi nane mpya wakanitoza hela nyingi, baridi ya kwanza ikawaka vizuri kabisa, mwezi wa kwanza ikaanza kusumbua, sasa haiwaki mpaka nichomeke hita ya bloku, ile ya umeme ya kupasha injini, usiku kucha. Wale gereji wanasema injini imechoka kompresheni nitafute injini nyingine. Taa ya WAIT, ile ya kusubiri kwenye dashibodi, inawaka kama kawaida na inazima. Kwahiyo si ina maana plagi zinapata moto?

---

FundiDizeli_MN

BabaNeema hapana, na hili naomba wote walisome kwa makini. Taa ya WAIT haijui chochote kuhusu plagi. Ile inaendeshwa na kadi ya kontrola iliyoko chini ya dashibodi, kadi inaangalia joto la injini na inahesabu muda, basi. Plagi zote nane zinaweza kuwa zimekufa na taa ikawaka na kuzima kwa heshima zote.

Kabla hujafikiria injini nyingine niambie moshi. Ukipiga stata asubuhi bila ile hita ya bloku, kwenye ekzosi kunatoka nini? Moshi mweupe mzito unaochoma macho maana yake dizeli inafika ila haiwaki, joto hakuna, twende kwenye plagi. Hakuna moshi kabisa maana yake dizeli haifiki, hapo tunatafuta hewa kwenye njia ya mafuta, mara nyingi ni vile vimpira vidogo vya kurudisha mafuta juu ya nozeli vimepasuka, gari ikilala mafuta yanarudi kwenye tangi. Na angalia stata inazungusha kwa kasi au inajivuta. Kwenye dashibodi una taa mbili za GEN 1 na GEN 2, altaneta ziko mbili, kila moja inachaji betri yake. Moja ikifa mtu hajui kwa sababu taa za gari zinawaka vizuri tu, kumbe betri ya pili inaisha pole pole na stata haipati 24 kamili.

---

BabaNeema_Dayton

Moshi mweupe mwingi sana, jirani alishawahi kutoka nje kuuliza kama gari inaungua. Stata inazungusha kwa nguvu.

---

DadaSpana

Basi ni plagi, BabaNeema, injini yako mzima. Mimi ni fundi umeme wa magari Mombasa, CUCV sijawahi kushika lakini glo plagi ni glo plagi. Chomoa waya wa kila plagi. Chukua taa ya kupimia, ile ya mafundi yenye klipu, klipu bana kwenye chanya ya betri ya 12V alafu ncha gusa kichwa cha plagi. Taa ikiwaka plagi nzima, isipowaka imekatika ndani. Unamaliza zote nane muda wa chai tu. Ukitaka uhakika zaidi tumia multimita, plagi nzima inasoma chini ya omu 2, iliyokufa haisomi.

Na usisahau waya zenyewe. Zile zinapita karibu na manifoldi ya ekzosi, plastiki inakauka inapasuka, kile kiatu cha mwisho, kichwa cha waya kinachoshika plagi, kinalegea. Unakuta plagi nzima lakini umeme unaishia njiani. Na waya wa ardhi kutoka nyuma ya silinda hedi kwenda bodi, mafundi wakishusha injini huwa hawaurudishi, mkondo wa plagi nane ni mkubwa unahitaji njia pana ya kurudi.

---

FundiDizeli_MN

Dada umemaliza, hasa hiyo ya waya wa ardhi. Nyuma ya injini kwenye hizi gari kuna mkanda wa waya uliosukwa, ukikosekana plagi zinapasha nusu nusu na unaweza kukimbizana na kadi mwaka mzima.

Naongeza rilei. Rilei ya glo plagi iko kwenye ule ule ukuta nyuma ya injini karibu na rezista. Zima gari, toa ufunguo, safari hii klipu ya taa ya kupimia ibane kwenye ardhi, sio kwenye chanya, alafu weka ncha yake kwenye posti ya rilei inayoelekea kwenye plagi. Taa ikiwaka na gari imezimwa, rilei imegandia, plagi zako zinachemka muda wote na betri inaisha. Rilei iliyogandia ndiyo muuaji wa pili baada ya rezista. Nafunga rilei nzito ya kazi ya kudumu inayobeba amperi 100 na zaidi, kwa sababu plagi nane pamoja zinavuta karibu kiasi hicho zikianza.

---

Mzee_wa_Karakana

Vijana nawasoma. Mimi nimezeekea kwenye karakana za magari makubwa, sasa nimepumzika Morogoro. Naomba nitofautiane kidogo. Waliounda hiyo gari hawakuwa wajinga, ile rezista iliwekwa kwa hesabu na jeshini gari inakaguliwa, plagi inapimwa kabla haijaleta shida, kwahiyo mfumo ule ulifanya kazi yake. Ukianza kukata waya na kubadilisha, fundi wa kesho akija hajui ulichofanya. Tatizo ni wenye magari hawakagui.

---

FundiDizeli_MN

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe kwenye ukaguzi, na kitabu cha jeshi chenyewe TM 9-2320-289-20 kinaonyesha upimaji wa kila kitu kwenye huo mfumo, kinapatikana bure na kila mwenye CUCV awe nacho. Ila hali ya jeshini na hali ya mtu binafsi ni tofauti mzee. Kule kulikuwa na fundi wa zamu, stoo yenye plagi, na karatasi ya kusaini. Huyu ndugu yetu anatoka kazini saa nne usiku, anawasha gari saa kumi na moja alfajiri, plagi moja ikifa hatajua. Mfumo wenye rezista haumsamehe, unamlia na zingine saba. Mfumo wa 12V ya moja kwa moja moja ikifa zinabaki saba na kila moja inapata kile kile ilichokuwa inapata jana, anapata muda wa kugundua.

Hilo la fundi wa kesho ni kweli kabisa. Kwahiyo ukibadilisha funga lebo kwenye waya na andika kwenye daftari la gari, usimwachie mwenzako fumbo.

---

Mzee_wa_Karakana

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kuzilia zingine saba nimekuelewa, sikuwahi kuipigia hesabu kwa namna hiyo. Eleza basi mabadiliko yenyewe watu waone, na usisahau fyuzi.

---

FundiDizeli_MN

Haya, mabadiliko yenyewe. Fungua betri kwanza, zote mbili, anza na hasi ya betri ya mbele. Naisema hii kwa sababu kwenye hizi gari kuna posti mbili za usambazaji kwenye ukuta wa nyuma ya injini, moja ya 12 na moja ya 24, zinafanana, na spana ikigusa mahali pabaya unapata cheche ya kuyeyusha chuma. Kabla hujafungua betri weka multimita kwenye posti zote mbili, iliyosoma 12 na kitu iwekee alama ya rangi.

Alafu fuata waya mnene unaotoka kwenye rezista kuja kwenye rilei ya plagi. Utoe upande wa rilei, na upande wa pili kule unakotokea 24V uutoe pia, usiache waya wenye 24V unaning'inia. Rezista zenyewe unaweza kuziacha pale zilipo hazina madhara zikiwa hazina umeme. Sasa leta waya mpya kutoka ile posti ya 12V mpaka kwenye posti ya rilei uliyoitoa ule wa zamani. Waya uwe mnene kweli, milimita za mraba 16 hivi, na mzee amekumbusha vizuri, fyuzi nzito au kipande cha waya wa kuyeyuka kikae karibu na posti ya 12V, sio karibu na rilei, ili waya ukichubuka popote njiani fyuzi iwe kabla ya hapo na ikate umeme.

Rudisha betri, mtu awashe ufunguo wewe upime kwenye kiatu cha waya wa plagi mojawapo ukiwa umechomolewa. Upate volti za betri ya mbele, kama 11 na ushee mpaka 12 zingine zikiwa zimefungwa. Ukisoma 24 simama hapo hapo, umechukua posti siyo.

Stata hujaigusa, inaendelea na 24V yake.

Baada ya hapo ndio unanunua plagi. Mi nafunga AC Delco 60G, zilikuja baadaye na injini ya 6.5 na zinaingia kwenye 6.2 bila shida. Sifa yake zinajipunguzia mkondo zenyewe zikishapata moto, ni ngumu sana kuvimba ncha. Zile za asili za zamani hazina hiyo akili, ukizidisha muda zinaungua. Kwenye nyuzi za plagi, zile za kufungia, paka mafuta ya kuzuia kuganda kidogo sana, anza kwa vidole mpaka ikae, alafu kaza kwa kiasi. Hedi ni chuma ya kuheshimiwa, ukiharibu nyuzi pale umejitafutia kazi ya wiki.

---

Kijana_wa_Texas

Wakuu mi niko Texas baridi yetu siyo ya kutisha, asubuhi nikipulizia ile kopo ya etha kwenye filta ya hewa inawaka papo hapo. Kuna haja ya haya yote kweli?

---

FundiDizeli_MN

Kijana acha leo. Etha inawaka kwa joto dogo sana, plagi yako hata moja ikiwa hai na nyekundu, ile etha inalipuka kabla pistoni haijafika juu, wakati mwingine inalipuka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Unavunja pete, unavunja kingo za pistoni, unapinda koni rodi. Kompresheni ya hii injini iko juu ya 21 kwa 1, haina nafasi ya kuchezewa.

Kuna gari za jeshi zina kifaa cha etha toka kiwandani, malori ya M939 yenye Cummins, lakini zile hazina glo plagi na etha inaingia kwa kipimo. Na lile lori la M35A2 la injini ya kula mafuta mchanganyiko nalo halina glo plagi, lina hita ya kuchoma mafuta kwenye manifoldi. Usichukue dawa ya lori ukaipa Blazer.

---

BabaNeema_Dayton

Narudi na majibu. Nimepima kama dada alivyoelekeza, plagi nzima ni mbili tu, sita zimekufa, na zile mbili nzima ziko upande wa kulia nyuma. Nimeanza kutoa, tano zimetoka vizuri, nyingine kwa shida kidogo ikatoka, hizo mbili za mwisho hazitaki. Moja inazunguka nusu inagoma. Niongeze nguvu?

---

FundiDizeli_MN

USIONGEZE NGUVU. Simama hapo ndugu yangu. Hizo mbili ndizo zilizokuwa zinapigwa 19V, zimevimba, ncha ni nene kuliko tundu. Ukiilazimisha ncha inakatika inabaki kwenye kile kichumba, na ukiwasha injini hivyo inashuka kwenye silinda inaisaga pistoni.

Fanya hivi. Pasha injini kwanza kwa hita ya bloku ipate uvuguvugu, nyunyizia mafuta ya kulegeza kwenye nyuzi uache usiku. Kesho yake izungushe mbele kidogo nyuma kidogo, mbele nyuma, kama unatoa jino la mtoto, mafuta yaingie. Nyuzi zikishaachia zote na plagi inazunguka bure lakini haitoki, ujue ni ncha tu imebanwa, hapo unashika shingo ya plagi kwa koleo la kubana na unavuta kwa kunyooka huku unazungusha, pole pole. Vumbi la masizi nalo linashikilia, mafuta yatalisaidia.

Ikikatika, usiwashe. Toa nozeli ya silinda hiyo, inaingia kichumba kile kile, kwa tochi utaiona ncha. Unaweza kuitoa kwa koleo jembamba au sumaku kama imelala vizuri, au nozeli na plagi zikiwa nje unafunika tundu kwa tambara mtu anapiga stata kidogo, waya wa solenoidi ya pampu ukiwa umechomolewa ili mafuta yasipigwe, upepo wa kompresheni unaitupa nje. Uso wako usiwe karibu. Na uihesabu, uone kipande chote kimetoka.

Kuhusu ya nyuma kulia, silinda ya 8, pale boksi la hita ya kabini linabana. Toa tairi ya mbele ya kulia uingilie kwenye nafasi ya matairi, mkono unafika vizuri kuliko kutokea juu.

---

DadaSpana

Na ukishazitoa zitazame ncha zake, BabaNeema, usizitupe haraka. Iliyonyooka na rangi ya kijivu imekufa kwa uzee. Yenye kibofu pembeni au imepasuka imeuliwa na umeme mwingi. Yenye ncha imelika upande mmoja, chungulia nozeli ya silinda hiyo, inawezekana inakojoa badala ya kupulizia na inaichoma plagi.

---

BabaNeema_Dayton

Mungu ni mwema wakuu, zote mbili zimetoka nzima, ya mwisho imenila jioni yote. Kama mlivyosema, hizi mbili zina kibofu kama umechomeka njegere kwenye ncha, zile sita zimenyooka, isipokuwa mbili zimepasuka. Rezista nimezitoa kwenye njia, waya mpya nimeweka na fyuzi, 60G nane zimeingia. Asubuhi ya leo hasi 14 bila hita ya bloku, nimesubiri taa, nimepiga stata, imezunguka kidogo ikashika, ikatikisika na moshi mweupe kidogo alafu ikatulia. Nimemwambia mama Neema injini ya kununua hatununui.

Ila kuna kitu, baada ya kuwaka rilei inaendelea kugonga taka taka kwa muda na taa za ndani zinafifia kila ikigonga. Ni kawaida?

---

FundiDizeli_MN

Hongera sana! Nimefurahi kweli kweli, injini hiyo ilitaka kutupwa bure.

Kugonga baada ya kuwaka ni kawaida, kadi inaendelea kuzipa plagi umeme kwa vipindi ili injini isitikisike na isitoe moshi wakati bado ya baridi. Inatakiwa iache yenyewe injini ikipata uvuguvugu. Kama inagonga hata injini ikiwa ya moto, angalia sensa ya joto iliyo nyuma ya silinda hedi na kiatu cha waya wake, kikichomoka kadi inadhani uko kwenye baridi milele.

---

Kijana_wa_Texas

Etha nimeacha mkuu, nimepima nina plagi tano nzima. Kadi yangu ndio sina imani nayo, mara inapasha mara haipashi. Naona wengi wanaweka kitufe cha mkono, unaonaje?

---

FundiDizeli_MN

Kitufe ni kizuri kikiwa na mtu mwenye nidhamu. Kadi kazi yake ni kukamilisha upande wa ardhi wa koili ya rilei, kwahiyo kitufe cha kubonyeza na kuachia kinachopeleka waya ule ardhini kinafanya kazi ile ile, hakikisha kwa multimita kabla hujakata. Kiwe cha kubonyeza, kisiwe swichi ya kubaki, maana swichi ya kubaki siku moja itasahaulika imewashwa. Kwenye baridi ya Texas sekunde 8 hadi 10 zinatosha, ukiwa na 60G na baridi imezidi nenda mpaka 15. Na rezista ziwe zimeshatoka kwenye njia, kitufe na 24V kupitia rezista na plagi tano ni kuzichoma kwa mkono wako mwenyewe.

---

Mwana_Makete

Na mi nimeagiza seti ya plagi za penseli, fundi amesema ataniwekea wiki ijayo. Swali la mwisho mkuu, rafiki yangu yuko Uarabuni ana Humvee yenye 6.2 hiyo hiyo, nimtumie huu uzi afanye hayo mabadiliko?

---

FundiDizeli_MN

Mtumie asome vipimo, ila mabadiliko ya waya ASIFANYE. Humvee ni 24V gari nzima, haina betri ya mbele ya 12 ya kuegemea kama CUCV, na glo plagi zake zinaendeshwa na boksi lake la kontrola kwa mpango mwingine kabisa. Akienda kuchukua 12V kutoka katikati ya betri mbili atakuwa ananyonya betri moja na nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka zife zote. Kupima plagi moja moja, kuangalia waya wa ardhi na viatu vya waya, hayo ni yale yale. Akipata plagi mbovu asome maandishi yaliyogongwa kwenye shingo ya plagi anunue ya volti ile ile, na kabla hajafunga mpya apime posti inayokwenda kwenye plagi gari ikiwa imezimwa. Ikisoma umeme wowote anirushie picha ya boksi na namba iliyoandikwa juu yake, tutaanzia hapo.